Laptopu Yangu Haijafa, Imenyimwa Ruhusa

Nimekuwa kimya wiki mbili, wadau, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeolewa. Hapana. Nilikuwa nagombana na kompyuta.

Laptopu yangu ni ThinkPad T430, toleo la 2012. Niliinunua mtumba Kariakoo nilipoanza uandishi, na kila senti ya kalamu imepitia kwenye kibodi yake. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4. Betri imechoka, ila inaandika, inafungua rekodi za mahojiano, inatuma habari kwa mhariri. Sihitaji zaidi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama. Ushauri kwa wote ukawa hamieni Windows 11. Ningehamia. Lakini Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel orodha ya prosesa inaanzia, kwa kiasi kikubwa, kizazi cha nane. Yangu haimo. Haijaharibika, haimo tu kwenye orodha.

Nikaenda kwa fundi.

"Dada, hii uza vipuri, chukua nyingine."

"Nyingine shilingi ngapi, kaka?"

Alipotaja bei nikacheka. Basi akanipa njia ya pili: kuingiza Windows 11 kwa mlango wa uani, ukaguzi tunauruka. Watu wanafanya hivyo na inakubali. Lakini Microsoft wenyewe wanasema kompyuta ya namna hiyo haina hakika ya kupata masasisho, na ndani ya yangu kuna sauti za watu walionisimulia mambo ambayo hawajawaambia hata ndugu zao. Siwezi kuziacha kwenye nyumba isiyo na komeo.

Nikaamua Linux Mint. Toleo la 22, lile jepesi la Xfce, lina masasisho hadi 2029. Faili lake ni karibu GB 3, nikalishusha kwa bando la usiku, nikaliweka kwenye flashi, nikalijaribu humo humo kabla ya kugusa diski. Wi-Fi ikashika, sauti ikatoka. Nikanakili mafaili yangu, nikabonyeza kufuta kila kitu.

Folda moja sikuinakili. Ilikuwa pale mbele kwenye skrini, naiona kila siku, kwa hiyo sikuikumbuka. Ndani yake mlikuwa na saa nzima ya mama mmoja muuza samaki wa Feri, ambaye ameshahamia Mafia. Kosa langu, silaumu programu.

Sasa niseme la moyoni. Sababu ya TPM ni ya kweli: funguo za siri zikikaa kwenye chipu ni vigumu zaidi kuibwa. Lakini orodha ile imeandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza, na huku kwetu kompyuta inaanza maisha kwa mnunuzi wa pili. Wangetuonya, kisha wakatuacha tuamue.

Ila na sisi tusijifanye watakatifu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, bure. Ubuntu walituma CD bure kwa posta hadi 2011. Wangapi tulizitumia? Tulipendelea Windows ya wizi kutoka kwa fundi, na leo tunalia kwamba mwenye mali ameifungia. Wengi wetu hatukuwahi kumlipa.

Mashine inawaka kabla chai haijapoa. Tatizo ni LibreOffice: mhariri anasema majedwali yangu yanafika yamepinda, kwa hiyo namtumia PDF naye ananung'unika. Jumamosi nakwenda Nyamisati kupanda boti ya Mafia, kumtafuta yule mama. Sijui kama atakubali kusimulia tena.