Usukani Unapolia

Gari lako likiguna kama ng'ombe mgonjwa kila unapokata kona, usiongeze sauti ya redio. Huenda ni pampu ya usukani inayolilia mafuta.

Madereva wa Kitengela wana mtindo mmoja mbaya. Mvua ikinyesha na gari likwame katika ule udongo mweusi, huzungusha usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo, injini ikiunguruma. Mafuta yanapata moto, pampu inaumia, hata mpira unaoyapitisha waweza kupasuka. Ukifika mwisho, rudisha kidogo.

Mafuta haya hayaishi kama petroli. Yakipungua, yanavuja. Basi kabla ya safari ya Kajiado, fundi atafute yanakovujia, aangalie na mkanda, ndipo ajaze aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ya breki asithubutu! Yanaharibu mipira ya ndani. Usukani ukikosa nguvu pale Isinya bado utageuka, lakini kwa jasho, na malori ya Namanga hayakungoji.

Magari mengi ya siku hizi husaidiwa na mota ya umeme; mafuta hayo hayana kabisa. Fundi akikuuzia chupa, mwulize ataimimina wapi.