Ndakala wamepungua, ama wavuvi wameongezeka?

Hapa Bendera, ndakala wakipanda bei, kila mtu ana jibu lake. Wamama wa soko wanasema samaki wameisha ziwani. Wavuvi wanasema ni mwezi. Wengine wanalaumu kufungwa kwa uvuvi, ile miezi mitatu, toka 15 Mei hadi 15 Agosti, iliyoanza mwaka 2024 kwa mapatano ya nchi nne za Ziwa Tanganyika: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Nani anasema kweli?

Hakuna mtu anayeweza kuingia majini kuhesabu samaki. Tunahesabu kile kinachofika mwaloni, na hapo ndipo kuna mtego. Tuchukue mfano: mitumbwi 10 inaleta beseni 100 kwa usiku. Miaka inapita, mitumbwi inakuwa 20, beseni ni zile zile 100. Ukitazama jumla tu, utasema uvuvi uko sawa. Kumbe kila mtumbwi unarudi na beseni 5 badala ya 10! Na wavuvi wameongezeka kweli: ziwa zima lilikuwa na wavuvi karibu 45,000 mwaka 1995, mwaka 2011 walikuwa karibu 95,000. Ndiyo maana mtaalamu haulizi kilo tu. Anauliza pia: mitumbwi mingapi, usiku ngapi, taa ngapi, wavu gani?

Hata hesabu hiyo inaweza kudanganya. Tazama jodari, yule samaki mkubwa wa bahari anayetiwa ndani ya mikebe. Meli zinamvua kwa kamba ndefu zenye maelfu ya ndoano, na wataalamu wanakadiria wingi wake kwa kuangalia wangapi wamenaswa kwa idadi fulani ya ndoano. Lakini ndoano zikishushwa chini zaidi, zinakamata samaki wengine, na namba za zamani hazilingani tena na za leo. Kwenye Bahari ya Hindi, mwaka 2015 jodari wa mapezi ya njano alitangazwa kuwa amevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2024 jibu likageuka, na sababu moja kubwa ni kwamba hesabu ya ndoano ilisahihishwa.

Huku kwetu, ndoano ni taa. Mvuvi aliyeacha taa ya petroli akachukua balbu za betri ana nguvu nyingine, hata kama mtumbwi ni ule ule. Tena mwanga unakusanya samaki waliotawanyika: mtumbwi unaweza kujaa wakati ziwa linapungukiwa.

Kuna njia ya kupima kwa mwangwi wa sauti, kama meli ya utafiti Tanganyika Explorer ilivyofanya kati ya 1995 na 1998. Lakini meli ni gharama. Daftari la mwaloni ni rahisi.

Kwa hiyo, uvuvi ukifunguliwa Agosti na mitumbwi ikajaa wiki ya kwanza, tusiimbe haraka. Samaki walipumzika, lazima wapatikane. Ushahidi ni kulinganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka mwingine, kwa kila mtumbwi, kwa kila usiku, kwa taa zinazofanana. Familia zinazokaa miezi mitatu bila kazi zina haki ya kuonyeshwa hesabu hiyo.