Kaboni Haichomelewi

Baiskeli zinazopanda na kushuka vilima vya Njombe zikiwa na magunia ya viazi, mbao na madumu ya ulanzi aghalabu ni za chuma, na mafundi wanaozitengeneza, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, pale ambapo barabara ya Songea huungana na barabara kuu iendayo Zambia, wamerithi elimu ya chuma inayostahili heshima. Chuma ni mkweli kwa mwenye macho: kikielemewa hupinda, kikipinda huonekana, na kikisha kuonekana hunyooshwa au huchomelewa, safari ikaendelea. Walakini elimu hiyo hiyo, pamoja na wema wake wote, hugeuka kuwa hatari siku fundi anapoletewa uma au usukani wa kaboni.

Nitaambiwa kwamba vitu hivyo ni adimu katika nyanda hizi za baridi. Nakubali, lakini uadimu huo ndio asili ya hatari, kwa kuwa kitu kionekanacho kwa nadra hakimpi fundi nafasi ya kukizoea. Mwaka 1992, huko Barcelona, Chris Boardman wa Uingereza alitwaa dhahabu ya Olimpiki juu ya baiskeli ya Lotus iliyofinyangwa kwa kaboni, na dunia ikaduwaa. Tangu hapo kaboni imeshuka kutoka kwa mabingwa hadi kwa watu wa kawaida, imeuzwa, imeangushwa, imechakaa, na vilivyochakaa Ulaya bandari yake twaijua.

Nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ya epoksi zina tabia ya mwanzi, huo huo tuugemao ulanzi: kwa urefu wake hustahimili mzigo wa kustaajabisha, bali ukigongwa ubavuni au ukibanwa kupita kiasi hupasuka. Ubaya wa kaboni umezidi kwa jambo moja, nalo ni kwamba matabaka yake huweza kuachana kwa ndani ilhali rangi ya nje yang'aa kana kwamba imetoka dukani jana. Haipindi kwanza ili itoe onyo. Hukatika ghafula, na uma ukikatika mteremkoni mpanda baiskeli hana tena amri juu ya chombo chake.

Basi baada ya kila anguko, sehemu ya kaboni na ioshwe, ikaushwe, itazamwe kwenye mwanga wa jua, kisha kitambaa cha pamba kipitishwe juu yake taratibu, maana uzi uliochomoza hukinasa. Igongwegongwe pia kwa sarafu: mahali ambapo mlio mkavu hugeuka kuwa mzito na wa kufifia pana shaka. Hata hivyo sarafu yaweza kufichua kosa, haiwezi kutoa hati ya usalama, na penye shaka juu ya uma au usukani hukumu ni moja, kuutupa.

Madhara mengi hata hayangoji anguko. Mkono uliozoea kukaza nati za chuma huiponda kaboni bila kusikia chochote. Kiwango cha kukaza, aghalabu newtonmita 4 hadi 6 kwa skrubu za usukani, huandikwa kwenye kifaa chenyewe, na hutakiwa spana ya kupimia mkazo. Bomba la kiti la kaboni halipakwi grisi ya kawaida. Keria ya kubania, ambayo kwetu ndiyo uhai wa baiskeli, haifungwi kwenye fremu ya kaboni isiyotengenezewa kubeba mzigo. Ringi za kaboni zinazobanwa na breki za mpira zaweza kupata joto katika mteremko mrefu, wa aina tulizo nazo tele, hata gundi yake ikalegea. Na anayeikata kwa msumeno ailoweshe maji na ajifunge barakoa, kwani vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu.

Fundi anayesema "hili siliwezi" mbele ya mteja mwenye pesa mkononi afaa kusifiwa, wala asidhihakiwe kuwa hajui kazi. VETA nayo, ambayo ni shule ya mafundi wa taifa, naiomba iingize somo hili katika mafunzo yake kabla ajali hazijalifundisha. Nanyi wanunuzi, uma wa kaboni ambao hamjui ulikotoka wala umeanguka mara ngapi, msiununue hata ukiuzwa kwa bei ya soda.