Tusinunue sambaza wa chandarua

Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapa Goma, na ninayoyasema nawaambia kwanza wamama wenzangu tunaongojea mitumbwi alfajiri pale Kituku: tukatae sambaza wa chandarua.

Mnawajua. Wamejaa beseni kama uji. Ukiinama uwaangalie vizuri, unaona vidoa vyeusi vya macho na mwili unaopitisha mwanga. Ukiwatia kwenye mafuta wanashikana, wanaungua kabla ya kukauka. Hawa hawakutoka katikati ya ziwa, ambako wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja na kuwasha taa usiku usio na mwezi. Wamekokotwa ufukoni, maji ya magotini, kwa vyandarua vya mbu vilivyoshonwa pamoja.

Ziwa Kivu linadanganya macho. Kina chake kinapita mita 480, lakini samaki wanaishi kwenye mita kama 60 za juu tu. Chini hakuna hewa ya kupumua, kumejaa kaboni dioksidi na methani. Sambaza aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, akazoea, akatulisha. Makinda yake hukulia ufukoni, na hapo ndipo wanapokokota vyandarua.

Pwani ya Kenya nako wavuvi wadogo hunasa papa nyundo wachanga, maana nao hukulia maji mafupi. Papa huchukua miaka mingi kukomaa. Lakini sambaza huanza kutaga mwaka haujaisha! Tunachodaiwa ni subira ya miezi tu. Majirani zetu wa Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kama miezi miwili kila mwaka, na ziwa ni hilihili.

Wanaokokota nawajua: vijana waliokimbia vita, hawana shamba wala mtumbwi. Kuwachomea vyandarua ni kuwaongezea njaa, na kesho watarudi na vingine. Wenye mitumbwi wawachukue kazini. Usiku wa kuvua unahitaji mikono mingi. Lakini lile beseni lina mnunuzi, na mnunuzi ni mimi na wewe, dada yangu wa soko la Virunga. Tukiliacha chini mpaka jua lipande, nani atakokota tena kesho yake?

Kipimo tunacho mkononi. Sambaza asiyefika urefu wa kidole cha kati, tusimnunue, hata akiuzwa nusu bei.