Mchezo wa kusaka kwa simu unaacha makopo: vijiji vyetu vinaguswa vipi?

Msikilizaji, ukimwona mgeni pembezoni mwa shamba lako, macho kwenye simu, anasimama, anarudi nyuma hatua tatu, kisha anainamia jiwe, utamdhania nini? Huku kwetu Mafinga wengi watasema anatafuta mali ya Mjerumani.

Dhana hiyo ina mizizi. Kwa miaka mingi, hapa na katika mikoa mingine ya Tanzania, watu wamefukua kuzunguka makaburi, misheni na maboma ya zamani wakiamini Wajerumani walifukia dhahabu walipoondoka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kinachobaki mara nyingi ni mashimo na ukuta ulioanguka.

Lakini mgeni huyo anaweza kuwa mchezaji wa jiokashi. Mchezo huu ulizaliwa Marekani mwaka 2000. Tarehe 2 Mei mwaka huo, serikali ya Rais Bill Clinton iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS ambayo raia waliyatumia. Kipimo kilichokuwa kikikosea hata mita 100 kikawa kinakosea mita chache tu. Kesho yake, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitu vidogo vidogo msituni katika jimbo la Oregon na kutangaza namba za mahali ilipo. Waliozifuata wakaikuta. Leo makopo ya namna hiyo yamefichwa karibu kila nchi: unalifikia, unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, unalirudisha pale pale.

Namba zenyewe si uganga. Mji wa Mafinga, kwa mfano, uko takriban nyuzi 8 na dakika 18 kusini mwa ikweta, na nyuzi 35 na dakika 18 mashariki. Simu janja hupokea mawimbi ya setilaiti hata kama huna bando. Bando linahitajika kwa ramani, isipokuwa kama uliipakua mapema. Mwenye simu ya vitufe, kwa mchezo huu, atabaki mtazamaji.

Kinachotuhusu zaidi ni aina za vituo visivyo na kopo. Hapo huachi kitu wala hufukui kitu. Unafika, unatazama, unajibu maswali ambayo huwezi kuyajibu ukiwa nyumbani, na majibu unamtumia aliyeandikisha kituo. Vituo vya namna hii vilianza mapema, kwa sababu hifadhi za taifa za Marekani hazikutaka makopo yafichwe ndani yake. Vikaharibika upesi. Watu waliandikisha chochote walichokutana nacho njiani, na mwaka 2005 tovuti ya Geocaching.com ikaacha kupokea vipya. Mwaka 2017 iliufungua mlango kidogo: wachezaji wapatao 4,000 waliruhusiwa kuandikisha kituo kimoja kila mmoja.

Aina moja bado inapokewa. Inaitwa EarthCache, na ilianza mwaka 2004 kwa msaada wa chama cha wanajiolojia cha Marekani. Sharti lake ni kwamba kituo kifundishe jambo kuhusu ardhi: mwamba, maji, volkano au mmomonyoko. Sisi tunaona hii ndiyo inayofaa nyanda zetu kuliko zote.

Chukua Isimila, kando ya barabara kuu ukitoka Mafinga, kilomita 20 hivi kabla ya kufika Iringa mjini. Kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu walioishi hapo zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Mgeni akiulizwa ni tabaka gani la udongo limekataa kuliwa na maji, na kwa nini, hataweza kujibu bila kusimama chini ya nguzo hizo. Au chukua kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe: pande la chuma la urefu wa mita tatu hivi, ambalo uzito wake hukadiriwa kuwa zaidi ya tani 10. Swali ni jepesi kuuliza: limetoka angani, mbona hakuna shimo kubwa pale lilipolala? Hakuna jiwe linalogeuzwa wala kipande kinachobebwa. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba sehemu kama Isimila bila kibali, kwa hiyo kopo la kufukia lisingekuwa na nafasi hapo hata kidogo.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo tungeomba wazee wa vijiji wasikilize. Anayeficha kopo analazimika kuomba ruhusa kwa mwenye ardhi, kwa sababu anaacha kitu chake kwako. Hata EarthCache inaweza kudai ruhusa ya msimamizi wa eneo. Kwa kituo cha kutazama tu, mtu anaweza kujiambia kwamba haachi chochote, basi amuulize nani? Akaandika namba za chemchemi mnayochota maji, au za mti wa matambiko, au za kaburi la ukoo, na dunia nzima ikazisoma. Kopo ungeliona ukaliondoa. Namba huzioni. Na huku kwetu kuna jambo la ziada: namba zinazoelekeza kwenye kaburi la zamani zinaweza kusomwa na wale wenye majembe pia.

Msitu wa Sao Hill nao si uwanja wa kuzurura. Kuingia kunahitaji ruhusa, na wakati wa kiangazi kila mgeni asiyejulikana anatiliwa shaka kwa sababu ya moto.

Ardhi ya kijiji, kwa sheria ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo mgeni akija, mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji, aeleze anafuata nini na aonyeshe ukurasa wenyewe kwenye simu. Mkiona eneo lenu limeandikishwa bila kuulizwa, mtendaji au mwenye eneo anaweza kuiandikia tovuti hiyo kuomba kituo kifungwe. Ombi litaje jina la kituo na namba zake, basi zinakilini kabla mgeni hajaondoka.