Mashine ya maji ikipunguza kasi, mfanyabiashara asikimbilie dukani

Biashara ya kuuza maji yaliyosafishwa kwa ndoo na madumu imekuwa miongoni mwa shughuli zinazowavutia sana wenye mitaji midogo. Anayeingia humo huchimba kisima au huvuta bomba, akanunua mashine ya RO, yaani ile inayosukuma maji kwa nguvu yapenye kwenye utando mwembamba na kuacha chumvi nyuma, kisha akafungua duka. Miezi ya mwanzo mambo huwa mazuri. Baadaye mashine iliyokuwa ikijaza tangi kabla ya saa sita mchana inachukua hadi jioni, wateja wanaacha madumu yao wakiahidiwa kurudi kesho, na fundi anaitwa. Naye, bila kupima chochote, anatamka kwamba utando umekufa.

Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo fedha za wawekezaji wadogo zinapoteketea. Utando, ambao mafundi huuita membreni, ni kati ya vipuri vya bei ya juu katika mashine hiyo, na ukitunzwa vizuri aghalabu hudumu miaka mitatu na zaidi. Anayeubadilisha kila baada ya miezi minane analipia kosa ambalo hakuna aliyelitafuta.

Tuchukue mfano wa mashine ya lita 250 kwa saa inayofanya kazi saa 10 kwa siku. Ikishuka hadi lita 150, upungufu ni lita 1,000 kwa siku, sawa na ndoo 50 za lita 20. Kwa siku 26 za kazi ni ndoo 1,300. Msomaji azidishe kwa bei ya mtaani kwake, na akumbuke kuwa pampu ilikuwa ikizunguka muda wote.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu mashine yafaa kujua ahadi ya muuzaji ilikuwa ipi. Utando mmoja unaotumika sana, wa unene wa inchi 4 na urefu wa inchi 40, huandikwa kuwa unatoa takriban lita 9,000 kwa siku. Maandishi madogo yanaeleza kuwa hiyo ni kwa presha ya baa 15.5, maji ya nyuzijoto 25 na chumvi ya gramu 2 kwa kila lita. Moja kati ya hayo likibadilika, lita nazo zinabadilika. Maji yakipoa kwa nyuzi moja, uzalishaji hupungua kwa karibu asilimia 3. Kwa hiyo mwenye duka Iringa au Njombe, ambaye maji yake mwezi Julai yameshuka hadi nyuzi 18, atapoteza karibu moja ya tano ya maji yake bila kipuri chochote kuharibika. Huyo asubiri Oktoba.

Wa Dar es Salaam ana shida nyingine. Visima vilivyo karibu na bahari huongezeka chumvi vikivutwa kupita kiasi, hasa kiangazi. Kila gramu moja ya chumvi katika lita hudai takriban robo tatu ya baa kabla tone moja halijapenya, na ndani ya mashine chumvi hiyo huzidi kukolea kadiri maji matamu yanavyotolewa. Kisima kikitoka gramu 2 hadi 5, pampu ileile inaonekana kuchoka. Kipimo cha chumvi kinachoshikwa mkononi hutoa jibu kwa dakika moja, nacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya utando.

Baada ya hapo ifuatwe njia ya maji kutoka mwanzo. Chujio la mashapo na lile la mkaa ndiyo hubeba uchafu wote wa kisima, na yakiziba pampu hukosa maji ya kusukuma. Geji mbili, moja kabla ya machujio na nyingine baada yake, humaliza ubishi: tofauti ikifika karibu baa moja, chujio limejaa. Inashangaza kwamba mashine nyingi huuzwa bila geji hizo, wakati rangi za kupendeza na taa za buluu hazikosekani. Halafu itazamwe presha inayoingia kwenye utando. Ikiwa chini, pampu imelika, inavuta hewa, au umeme ni hafifu saa za jioni. Utando hapo hauhusiki.

Kwa wale wenye mashine ndogo za nyumbani au mgahawani, bomba likitiririka kidogo ingawa kitangi kimejaa, kosa mara nyingi ni hewa iliyoisha ndani ya kitangi hicho. Kimwagwe maji yote, kipimwe kwa geji ya matairi, na kijazwe kwa pampu ya baiskeli hadi pauni 7 hivi.

Iwapo presha, joto na chumvi ni vilevile kama siku ya kwanza, na bado maji ni kidogo, basi utando umeziba. Kuziba si kufa. Watengenezaji hushauri uoshwe uzalishaji unapopungua kwa asilimia 10 hadi 15. Anayengoja hadi nusu ipotee, hata dawa haitamsaidia sana. Chokaa, ile inayoganda kama ndani ya birika, huondolewa kwa dawa ya asidi. Utelezi wa vijidudu huondolewa kwa dawa ya alkali, na pale vyote viwili vinaposhukiwa alkali hutangulia, maana asidi ikitangulia inaweza kuugandisha utelezi. Mashine yenye tando kadhaa hujieleza yenyewe: tope na utelezi hushika utando wa kwanza, chokaa hushika wa mwisho.

Kuna mchezo mmoja unaostahili kulaaniwa waziwazi. Fundi anakaza vali ya maji ya kumwaga, maji matamu yanaongezeka papo hapo, analipwa na kuondoka akishukuriwa. Maji yale ya kumwaga ndiyo yanayobeba chumvi kutoka ndani. Yakibanwa, chokaa inaganda juu ya utando, na baada ya wiki chache mwenye duka ana hali mbaya kuliko ya awali. Mwenye duka naye hushiriki kosa, kwa kuwa huumia akiona maji yakimwagika. Kama yanamuuma, ayatumie kusafisha sakafu na vyoo.

Ishara ambayo kweli yatosha kununua utando mpya ni ile isiyolalamikiwa na mtu: maji yanaongezeka bila sababu na yanaanza kuwa na chumvi. Hapo klorini ya maji ya bomba imepita kwenye mkaa uliochoka na kuutoboa utando. Mkaa nao ubadilishwe siku hiyo hiyo, vinginevyo utando mpya utafuata njia ya ule wa kwanza.

Wauzaji wa mashine hizi wanapaswa kumkabidhi mnunuzi karatasi ya vipimo vya siku ya kwanza: presha, joto, chumvi ya kuingia na ya kutoka, lita za maji matamu na lita za kumwagwa kwa saa. Mnunuzi azuie sehemu ya malipo hadi aipate, iwe imeandikwa mbele yake. Mwenye mashine tayari ambaye hakupewa karatasi abadilishe machujio, aweke ndoo ya lita 20 chini ya bomba la maji matamu, ahesabu dakika kwa saa yake ya mkononi, na kuandika daftarini. Arudie kila Jumatatu, saa ile ile, kabla ya kufungua duka.