Msongamano Ndani ya Jani



Mkulima wa Handeni au Korogwe huotesha miche ya michungwa kitaluni, chini ya kivuli. Siku ya kupanda akiitoa ghafula juani, majani hupauka, mengine huungua. Hapo wako wasemao kwamba mche umepigwa jicho. Tusiharakishe kusema hivyo. Sababu imo ndani ya jani, na kosa ni letu.

Katika jani zimo chembe za kijani ziitwazo kloroplasti, na ndani yake mna tando nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati sahanini. Tando hizo zimejaa protini zishikazo klorofili, yaani ile rangi ya kijani inasayo mwanga. Mahali tabaka zilipobanana, protini hufunika kiasi cha sehemu 70 hadi 80 katika kila 100 za utando.

Msongamano huo una faida. Tazameni watu msikitini siku ya Ijumaa, waliokaa bega kwa bega: msahafu hupitishwa mkono kwa mkono hata umfikie wa mwisho. Ndivyo nguvu ya mwanga inavyopokezanwa, klorofili kwa klorofili, hata ifike mahali pa kazi. Lakini akizimia mtu katikati yao, kumtoa ni taabu. Kadhalika jua kali huharibu baadhi ya protini, nazo hazina budi kusogea hadi ukingoni mwa tabaka zikatengenezwe. Njia zikisongwa, matengenezo huchelewa na jani hudhoofika.

Jani lililokulia kivulini, kwa kuwa mwanga wake ni haba, huongeza protini za kuunasa na kurundika tabaka nyingi. Lililokulia juani hupunguza. Tena jua likizidi, tabaka hulegea kidogo zikaacha njia. Lakini jani la kivulini haliwezi kugeuka la juani kwa siku moja.

Basi, ndugu wakulima, punguzeni kivuli cha kitalu kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa, kabla ya kupanda.

Suratur-Rahman yatukumbusha habari ya mizani, na mizani hiyo twaiona hata katika jani moja: kukusanya kuna kiasi chake, na kuacha nafasi kuna kiasi chake. Nanyi wazazi mnaojiandaa kumpeleka kijana Tanga au Dar es Salaam kutafuta riziki, jiulizeni: je, mmemzoesha jua?